Mwongozo kamili wa kutengeneza arki ya vanila nyumbani na kuitumia jikoni

Malalamiko ya wanaojaribu kutengeneza nyumbani arki ya vanila, yaani kioevu cha ladha kinachopatikana kwa kuloweka maganda ya vanila kwenye kileo, hayapishani sana. Mmoja anasema chupa yake imekaa miezi miwili na bado inanuka pombe tupu. Mwingine amekuta ukungu umetanda juu. Wa tatu ana arki nyeusi ya kupendeza macho, lakini keki ikitoka kwenye oveni haina hata dalili ya vanila.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya vitatu: vanila ni chache mno kwa kiasi cha kileo kilichomiminwa, maganda hayakukaushwa ipasavyo, au arki yenyewe ni nzuri ila imetiwa kwenye chakula wakati usiofaa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kuziba mianya hiyo mitatu, na msomaji aliye na haraka asiruke ya kwanza wala ya pili, kwa kuwa kosa la hapo halirekebishiki baadaye.

Mahitaji

Kwa chupa moja ya mililita 250:

- Vanila kavu, gramu 25. Kwa kawaida hayo ni maganda 6 hadi 8, lakini mizani ndiyo iamue.
- Vodka isiyotiwa ladha yoyote, mililita 250, yenye kileo cha asilimia 40.
- Chupa mbili za kioo zenye mfuniko unaobana. Moja ya kulowekea, nyingine ya rangi ya kahawia ya kuhifadhia.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Kisu kidogo chenye ncha kali na kibao cha kukatia.
- Kichujio cha chai, na karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa cheupe safi.
- Faneli ndogo, lebo na kalamu isiyofutika.

Mizani inawakera wengi, maana kuhesabu maganda ni rahisi zaidi. Hata hivyo ganda moja linaweza kuwa na gramu 2 na lingine 5, na anayetia “maganda matatu kwa chupa” kama alivyosikia kwa jirani anaweza kuwa ametia nusu ya kinachohitajika au chini ya hapo. Kwa sheria za Marekani, bidhaa haiwezi kuuzwa kama arki halisi ya vanila mpaka iwe na kileo kisichopungua asilimia 35 na takriban gramu 100 za vanila kavu kwa kila lita moja. Kipimo cha gramu 25 kwa mililita 250 kinatoka hapo, na sioni sababu ya mpishi wa nyumbani kukubali arki hafifu kuliko hiyo.

Hatua ya 1: Chagua vanila iliyokaushwa kwa kufuata utaratibu

Afrika Mashariki tuna bahati ya kuwa karibu na mashamba. Uganda hulima vanila Mukono, Kayunga, Bundibugyo na Kasese. Tanzania huilima zaidi Kagera, na pia Kilimanjaro. Ukaribu huo ndio unaowaponza baadhi ya watu, kwa sababu hupata vanila mbichi ya kijani kwa bei nafuu, wakailoweka ikiwa vilevile, kisha wakashangaa kwamba haitoi harufu yoyote.

Ganda bichi halinukii. Vanilini, ambayo ndiyo kiini kikuu cha harufu tunayoitafuta, ndani ya ganda bichi imefungamana na sukari, na haifunguki mpaka ganda lipitie kazi ya miezi kadhaa: kuchovywa kwa dakika chache kwenye maji ya moto ya nyuzi joto 60 hadi 65, kufunikwa kwa mablanketi ili litoe jasho, kuanikwa juani kwa saa chache kila siku, kukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa, na hatimaye kufungiwa kwenye masanduku likaiva harufu. Kilo tano au sita za vanila mbichi hutoa kilo moja tu ya vanila kavu. Anayekuuzia mbichi kwa bei ya kutupa amekuachia wewe kazi yote hiyo.

Ukishika ganda zuri mkononi utaona rangi ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, ngozi yenye mikunjo inayong’aa kidogo kwa mafuta, na mnyumbuliko: lizungushe kidoleni, lisivunjike. Likikatika kama kijiti kikavu na kunuka nyasi, lilivunwa kabla halijakomaa, pengine kwa kuhofia wezi wa shambani. Tatizo hilo limekuwa kubwa kiasi kwamba serikali ya Uganda huweka tarehe rasmi ya kuanza kuvuna kila msimu.

Si lazima ununue maganda marefu na manene ya daraja la juu. Yale mafupi, yaliyopasuka au makavu kidogo ni bora zaidi kwa arki, kwa kuwa yana maji kidogo na kwa uzito uleule yanakupa vanila nyingi zaidi. Manene yaache kwa ajili ya kupika moja kwa moja kwenye maziwa.

*Tahadhari.* Ukiona weupe juu ya ganda, usilitupe wala usilitumie kabla ya kulichunguza kwenye mwanga. Weupe unaometa, wenye umbo la sindano nyembamba na unaonukia vanila kali, ni chembe za vanilini zilizojitokeza zenyewe, nayo ni dalili njema. Weupe uliofifia, wenye manyoya na harufu ya nguo zilizokaa na unyevu kabatini, ni ukungu; ganda hilo litupwe pamoja na yale yaliyogusana nalo. Kileo hakisafishi sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha.

Hatua ya 2: Chagua kileo chenye nguvu inayofaa

Vanilini huyeyuka vizuri zaidi katika kileo kuliko katika maji, lakini ladha ya vanila haijengwi na vanilini peke yake. Zimo sukari, utomvu na chembechembe nyingine nyingi, na baadhi yake huhitaji maji ili zitoke. Kwa sababu hiyo kinywaji cha asilimia 40, ambacho sehemu yake kubwa iliyobaki ni maji, hufanya kazi zote mbili. Kileo cha asilimia 95 hukausha na kukakamaza maganda, na arki yake huwa kali puani lakini haina kina kinywani.

Vodka ya kawaida inatosha, na hakuna faida ya kununua ya bei kubwa. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo iko kwenye mpaka wa chini kabisa, na maganda yakishatoa maji yake nguvu itashuka kidogo zaidi. Tena ina ladha yake yenyewe ambayo haipotei. Ramu huleta utamu wa miwa unaopatana sana na keki ya matunda. Jini iache, kwa sababu viungo vilivyomo vitashindana na vanila hadi mwisho. Mvinyo na bia ni dhaifu mno na vitaharibika.

*Tahadhari.* Usitumie kamwe gongo, chang’aa au pombe yoyote ya kienyeji isiyopimwa, hata kama muuzaji ni mtu unayemfahamu. Pombe ya aina hiyo inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa kunusa wala kuonja. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo si chakula.

Hatua ya 3: Andaa chupa

Osha chupa kwa maji ya moto na sabuni, isuuze mpaka harufu ya sabuni iishe, kisha uiache ikauke kabisa ikiwa imepinduliwa. Chupa iliyokuwa na achari au kitunguu saumu haifai, kwa sababu mpira wa mfuniko hushika harufu hata baada ya kuoshwa mara nyingi. Plastiki haifai pia. Kileo kikikaa humo kwa miezi huweza kuvuta vitu kutoka kwenye plastiki yenyewe.

Hatua ya 4: Pima na upasue maganda

Pima gramu 25. Laza ganda kwenye kibao, shikilia kichwa chake, kisha pitisha ncha ya kisu kwa urefu wake wote ukiacha sentimita moja au mbili juu bila kupasuliwa. Ukilifungua kwa vidole utaona ndani uji mweusi wa mbegu ndogo sana, zenye mafuta, zinazonata kidoleni. Usizikwangue, mbegu na ngozi vyote vina kazi, na ladha nyingi imo katika nyama inayozishikilia.

Kata maganda vipande vya kutosha kuzama chupani. Wapo wanaoyasaga kwenye blenda ili kuharakisha kazi. Ladha hutoka upesi kweli, lakini arki huwa na tope linalopenya kila kichujio, na mimi siipendekezi njia hiyo kwa anayeanza.

*Dalili ya kufaulu.* Kibao, kisu na mikono yako vitanukia vanila kwa saa nzima. Kama baada ya kupasua maganda yote bado inabidi ukaribishe pua ndipo usikie harufu, vanila hiyo ni dhaifu na hakuna muda wa kuloweka utakaoiokoa.

Hatua ya 5: Mimina, tikisa, subiri

Tia maganda chupani, mimina kileo mpaka yafunikwe yote, kisha funga kwa nguvu. Kipande kinachochungulia juu ya kileo ndicho mlango wa ukungu na ute. Kama kimoja kinaelea, kikate kiwe kifupi zaidi.

Andika kwenye lebo tarehe, uzito wa vanila na aina ya kileo. Weka chupa kabatini, mbali na jua na mbali na jiko, kwa kuwa mwanga na joto kali huichakaza harufu. Itikise kwa nusu dakika mara moja au mbili kwa wiki, ili kileo kilichokwisha kubeba ladha kiondoke karibu na maganda na kile kisichobeba kisogee.

Usichemshe chupa wala kuipasha kwenye moto ili kufupisha safari. Mvuke wa kileo hushika moto kwa urahisi, na jikoni mwenye jiko la gesi au la mkaa hilo si jambo la kujaribu.

Siku za kwanza kioevu kitageuka rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Baada ya mwezi mmoja kitakuwa cha kahawia, na hapo ndipo wengi hufungua, wakanusa, wakakata tamaa kwa sababu pombe bado inatangulia. Kiwango cha chini cha kusubiri ni wiki nane. Miezi sita ni mizuri, na mwaka mmoja ni mzuri zaidi, kwa kuwa ukali wa kileo hupungua na ladha zilizokuwa zimetengana huchanganyika zikawa kitu kimoja.

Hatua ya 6: Jaribu kwa maziwa, si kwa pua

Kunusa mdomo wa chupa hudanganya, maana kileo huruka kwanza na kuziba pua. Pasha maziwa mililita 200, tia sukari kidogo, kisha gawa vikombe viwili. Kimoja tia robo kijiko cha chai cha arki, kingine kiache. Onja kile kisicho na arki, halafu kingine.

Ikiwa tofauti ni dhahiri, maziwa yana harufu ya joto, tamu, na yanaonekana kama yameongezwa sukari ingawa hayakuongezwa, arki iko tayari. Ikiwa unahisi uchungu wa pombe tu, rudisha chupa kabatini kwa mwezi mwingine. Ikiwa miezi sita imepita na hali ni hiyo, vanila ilikuwa chache: ongeza gramu 10 za maganda yaliyopasuliwa, usiongeze muda peke yake.

Hatua ya 7: Chuja na uhifadhi

Pitisha arki kwenye kichujio cha chai ili kuondoa vipande, kisha kwenye karatasi ya kahawa kama hutaki mbegu. Mbegu zikibaki hazina madhara, na katika aiskrimu au kastadi vile vidoti vyeusi hupendeza. Mashapo yanayotulia chini ya chupa ni ya kawaida. Tikisa kabla ya kutumia.

Hifadhi kwenye chupa ya rangi ya kahawia, mahali pa giza. Haihitaji friji, na kwa kileo cha asilimia 35 au zaidi itakaa miaka bila kuharibika. Iweke juu, mahali ambapo watoto hawafiki, kwa kuwa hata kama inanukia peremende bado ni kinywaji kikali.

Kwa jikoni zisizotumia kileo

Nyumba nyingi za Pwani na kwingineko hazitaki kileo, na ni vizuri kusema wazi kwamba kupika hakukiondoi chote. Sehemu fulani hubaki kwenye chakula. Kwa hiyo ukimpikia mgeni, mweleze.

Njia iliyo rahisi na isiyo na hatari ni sukari ya vanila. Pasua maganda mawili, yafukie ndani ya sukari nusu kilo kwenye chupa iliyofungwa, na utikise kila baada ya siku chache kwa wiki tatu au nne. Tumia badala ya sukari ya kawaida. Sukari ikigandamana, maganda yalikuwa na unyevu. Yatoe, yaanike kwa siku moja, uyarudishe.

Njia ya pili ni gliserini, sehemu tatu kwa sehemu moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilekile cha vanila. Hutoa ladha polepole zaidi na haifikii nguvu ya kileo, hivyo utatia kijiko kimoja na nusu pale ambapo ungetia kimoja. Ihifadhi kwenye friji. Gliserini ya kupaka mwilini isitumike. Nunua iliyoandikwa kwamba ni ya chakula.

Namna ya kuitia kwenye chakula

Hapa ndipo arki nzuri huharibiwa. Harufu ya vanila huruka kwa joto, na hushikwa na mafuta. Ukikumbuka mambo hayo mawili, mengi yatajieleza yenyewe.

*Keki ya siagi.* Tia arki wakati unapopiga siagi na sukari, kabla ya unga, ili mafuta yaizingire na kuilinda dhidi ya moto wa oveni. Kijiko kimoja cha chai kinatosha unga wa gramu 250. Anayeitia mwishoni juu ya unga uliokwisha kuchanganywa huishia kuwa na keki yenye harufu upande mmoja.

*Keki ya sponji na mkate wa mayai.* Hapa hakuna siagi, na mayai ni mengi. Itie wakati mayai na sukari vinapopigwa, povu linapoanza kuwa jeupe, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuondoa shombo la mayai. Wengi wanaolalamika kwamba keki yao “inanuka yai” wameitia baadaye mno au hawakuitia kabisa.

*Tambi za sukari na vyakula vya tui.* Pika mpaka tui zito liingie na moto uzimwe. Epua, subiri mvuke upungue, ndipo utie nusu kijiko na ugeuze taratibu. Kama tayari umetia iliki, punguza moja kati ya hizo mbili. Zikiwa sawa kwa nguvu, zinagombana na hakuna inayosikika vizuri. Binafsi tambi za nazi naziachia iliki, na vanila naiweka kwenye kastadi.

*Shira ya kaimati.* Shira ikishanata, iondoe kwenye moto na uiache itulie kabla ya kutia arki. Ukiimimina ndani ya sukari inayochemka, kileo huchemka papo hapo na kurusha matone ya moto usoni.

*Aiskrimu na vyakula vya baridi.* Ubaridi hudumaza ladha. Tia kijiko kimoja na nusu kwa nusu lita ya maziwa, onja mchanganyiko ukiwa bado haujaganda, na ukubali uonekane umezidi kidogo.

*Chokoleti.* Nusu kijiko kwenye keki ya kakao, pamoja na chembe ya chumvi, hupunguza ukavu wa kakao bila mlaji kutambua kilichotiwa.

Kwa biskuti nyembamba zinazokaa kwenye oveni mpaka zikauke, sioni haja ya kumwaga arki uliyoisubiri miezi sita. Vanila ya dukani, ambayo mara nyingi ni vanilini ya kiwandani iliyotiwa rangi ya karameli, inafanya kazi hiyo vizuri kwa gharama ndogo. Isome lebo tu ujue unanunua nini: palipoandikwa “ladha ya vanila” si lazima pawe na vanila.

Kuzidisha nako kuna adhabu yake. Chakula chenye arki nyingi huwa na uchungu wa mbali unaofanana na dawa, na sukari haiufuti.

Maganda yaliyobaki, na ladha nyingine

Maganda yaliyochujwa bado yana kitu. Yarudishe chupani pamoja na mapya gramu 12 na kileo kipya, au yakaushe kabisa, uyasage na sukari, utumie kwenye chai na maandazi.

Njia hiihii hutoa arki ya chungwa au ndimu, ila muda ni wiki mbili hadi nne tu. Kwangua ganda la juu lenye rangi peke yake. Weupe ulio chini yake ni mchungu, na uchungu huo ukishaingia hautoki. Iliki ipondwe kidogo, mbegu na maganda yake, na ionjwe kuanzia wiki ya pili. Karafuu zisizidi sita kwa mililita 250, na zitolewe mara ladha inapokolea, kwa kuwa hazijui kunyamaza.

Arki ya lozi usijitengenezee kwa kokwa za pichi, aprikoti au lozi chungu. Kokwa hizo hutoa sumu ya sianidi zikipondwa na kulowekwa, na jikoni huna njia ya kuiondoa wala kuipima. Hiyo inunuliwe dukani.